Kuvuta siyo kazi, kazi ni kusimama: maswali yenu ya kukokota boti nyuma ya hausiboti

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba ukikodi hausiboti, ile nyumba nzima inayoelea yenye vitanda na jiko, unaweza kuja na boti yako ndogo ya kuvulia ukaifunga nyuma mkaenda nayo. Mistari miwili jamani! Meseji zilizokuja ni nyingi mpaka nimeamua safu nzima ya leo iwe hiyo hiyo. Yaliyofanana nimeyaunganisha, ya matusi nimeyaacha, na yule aliyeuliza kama anaweza kuvuta boti sita kwa mpigo, ndugu yangu jibu ni hapana, tuendelee.

Shikamoo fundi. Tuko watu tisa, tumeshalipia hausiboti ya siku nne, na mimi nina boti yangu ya fiba ya mita 4 na kidogo yenye mashine ya nyuma. Nataka niivute tukifika huko ndani tuitumie kuvulia. Naifungaje? Kaka yangu anasema funga tu kwenye kile chuma cha juu hapo mbele basi. (Msomaji, mvuvi wa likizo)

Marahaba. Kaka yako namheshimu ila hapo hapana.

Kile chuma cha juu, cha kufungia boti ikiwa imetulia gatini, mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili tatu zilizoingia kwenye fiba nyembamba. Kimewekwa kwa ajili ya boti iliyosimama, siyo boti inayoburutwa saa tatu. Halafu kiko juu, kwa hiyo kamba ikivuta inaiinamisha pua chini, na boti inayovutwa huku pua imeinama inaanza kuyumba kulia kushoto kulia kushoto, mwisho inakunywa maji. Nenda chini ya pua, pale mbele kabisa karibu na usawa wa maji, utakuta pete nene ya chuma. Ni ile ile unayoingizia ndoano ya winchi ukiwa unaipandisha boti kwenye trela. Hiyo imepita mpaka ndani ikafungwa nati, na kwa sababu iko chini kila kamba ikivuta pua inainuka kidogo, na ndo unachotaka.

Nilijifunza hili kwa aibu. Zamani nilifunga juu, kama kaka yako, na nanga ya ile boti ndogo nilikuwa nimeiacha imekaa tu pale mbele bila kuifunga. Tumekwenda nusu saa hivi, wimbi la boti kubwa likapita, boti yangu ikaruka mara mbili, nanga ikachumpa majini na kamba yake yote. Sisi mbele hatujui kitu tunapiga stori. Ghafla hausiboti ikawa nzito kama imekanyaga tope, halafu pwaaa, nikageuka nikaona chuma cha kufungia kinakuja hewani na skrubu zake, kikapiga ukuta wa jiko sentimita chache kutoka dirishani. Boti yenyewe imebaki kule nyuma imetia nanga, imetulia kabisa, kama imeamua kupumzika. Tangu siku hiyo nanga naifunga kwa kamba, na hakuna mtu anasimama kwenye mstari wa kamba inayovuta. Hasa ya nailoni, kwa sababu nailoni inanyumbulika sana na ikikatika inarudi kama manati.

Upande wa hausiboti usifunge sehemu moja katikati. Pale nyuma kuna vyuma viwili, kulia na kushoto. Chukua kamba moja, ncha hii kulia na ncha ile kushoto, ifanye kama herufi V, kama hatamu ya farasi hivi, halafu pale kwenye ncha ya V ndo unaunga kamba ya kuvutia. Hapo mzigo unagawanyika pande mbili, boti inakaa katikati, na kamba inakuwa mbali na injini za hausiboti ambazo nyingi ziko nyuma hapo hapo. Kamba ikipita juu ya kona yoyote kali ivalishe kipande cha mpira wa kumwagilia maji, la sivyo itajikata yenyewe polepole na hutajua mpaka imeachia.

Kitu kingine, na hiki watu wanakisahau kila siku: upande mmoja lazima ufungwe kwa namna unayoweza kuufungua huku kamba imekaza. Ukizungusha kamba kwenye kile chuma cha masikio mawili kwa mtindo wa nane, unaweza kuilegeza hata kama inavuta. Ukipiga fundo la kitanzi, hata liwe zuri vipi, likishabeba mzigo hulifungui, itabidi kisu. Na kisu chenyewe kiwepo pale nyuma, kimefungwa na uzi, siyo kwenye droo ya jikoni chini ya vijiko.

Kamba gani sasa? Dukani kuna za kila rangi nimechanganyikiwa. Na urefu?

Swali fupi ila tamu. Inayoelea. Ile ya plastiki nyepesi, polipropilini, inakaa juu ya maji, kwa hiyo ukipunguza mwendo haizami kwenda kuitafuta propela. Ubaya wake jua linaila, baada ya misimu michache inakuwa kavu inatoa vinyuzinyuzi mkononi, ukiona hivyo itupe usiionee huruma. Nailoni ni imara na inameza mishtuko vizuri ila inazama. Wengine wanatumia nailoni wanafunga maboya madogo katikati ielee, sawa, inafanya kazi, na hata ukitumia ya kuelea bado mimi napenda boya moja la rangi kali katikati, kwa sababu kuna vijana wa pikipiki za majini wanaona hausiboti, wanaona boti ndogo, wanadhani ni vitu viwili tofauti, wanataka kupita katikati. Unene milimita 12 kwa boti ya mita 4 au 5 inatosha.

Urefu ndo penye utamu. Hakuna namba moja. Anza na mara tatu au nne ya urefu wa boti yako, halafu angalia mawimbi. Hausiboti ikienda inaacha mawimbi nyuma yake kama matuta ya shamba, na umbali kati ya tuta na tuta unategemea mwendo. Ukienda kilomita 9 kwa saa matuta yanaachana kama mita 4, ukipanda mpaka 12 yanaachana kama mita 7. Sasa boti yako ikikaa mahali inapanda tuta muda wote, kamba itakuwa ngumu kama nondo, ukiigusa unasikia inalia. Ikikaa pale inapoteleza sana inakimbilia mbele, kamba inalegea inagusa maji, halafu inakaza ghafla, tap! inalegea, tap! Hiyo tap tap ndo inayong'oa vyuma. Unachotafuta ni katikati ya hayo mawili, pua imeinuka kidogo, kamba imejipinda kidogo tu, boti imetulia kwenye mteremko wa tuta la pili au la tatu. Ongeza nusu mita, punguza nusu mita, utaipata. Na ukibadilisha mwendo matuta yanahama, unaanza upya, usishangae.

Habari za kazi. Hausiboti tuliyokodi ina injini mbili na mwenye nayo alisema inafika kilomita 15 kwa saa. Nikiwa na boti nyuma niende mwendo gani? Mke wangu anataka polepole, mimi nataka tufike kabla ya jua kuzama.

Msikilize mke wako.

Sababu ni hii. Boti inayoelea tu bila kuinuka juu ya maji ina mwendo wake wa asili, na huo unatokana na urefu wake. Ya mita 4 na kidogo ni kama kilomita 9 kwa saa hivi. Hausiboti ni ndefu, 9 kwake ni matembezi, ila kwa boti ndogo hapo ndo mwisho. Ukiiburuta zaidi ya hapo inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, pua juu, nyuma inazama, na nyuma ndipo kuna mashine na uzito wote. Ikiwa na mashine nzito, ule ukuta wa nyuma unakaribia kugusana na maji, wimbi moja dogo likija limeingia ndani. Tena ukinzani wa maji haupandi kidogo kidogo, ukizidisha mwendo mara mbili maji yanakushika kama mara nne na zaidi, kwa hiyo hata mafuta utachoma kwa hasara huku unapata dakika chache tu.

Mimi naenda 7 au 8, kukiwa na upepo nashuka 6. Kama hiyo haikufikishi kabla ya giza basi ondokeni mapema, au laleni njiani. Mikataba mingi ya kukodi hairuhusu kutembea usiku hata kidogo, na ukivuta kitu usiku ndo kabisa, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini za 1972 zinataka chombo kinachovuta kiwe na taa mbili nyeupe za mbele zilizopangana wima na taa ya njano nyuma juu ya ile nyeupe, na kinachovutwa nacho kiwe na taa zake. Hausiboti ya kukodi hizo taa za kuvutia kwa kawaida haina. Usijaribu.

Naomba ushauri wa haraka: mashine ya boti ndogo niiache chini majini au niinue? Kizibo cha tundu la kutolea maji je?

Inua, na uweke ile lachi yake ya kuishikilia, usitegemee haidroliki peke yake maana inashuka taratibu bila kukwambia. Propela ikiburutwa majini ni breki. Ila boti ikikataa kunyooka, inayumba tu hata baada ya kurekebisha kamba, shusha mashine kidogo, gia ikiwa huru, usukani umefungwa katikati, ile sehemu ya chini inakuwa kama pezi la samaki, boti inanyooka. Ni mbinu ya pili hiyo, siyo ya kwanza. Ya kwanza ni uzito: tenki la mafuta, betri, boksi la barafu, vyote sogeza nyuma pua iwe nyepesi. Fimbo za kuvulia zitoe. Kivuli cha turubai kikunje.

Kizibo kimezibwa. Kuna mtu anakuja gatini anakwambia ukiwa unavuta toa kizibo maji yatoke yenyewe, huyo anaongelea boti inayokimbia kwa kasi ikiwa imeinuka juu ya maji, siyo sisi wa kilomita 8. Kwa mwendo wetu maji yanaingia. Na maji yakiingia siyo utani, sakafu ya mita 3 kwa mita 1 ikipata maji ya sentimita 10 hizo ni lita 300, yaani kilo 300 zinazokimbia upande huu na upande ule kila boti ikiinama. Kila nusu saa mtu mmoja aende nyuma aangalie tu. Macho, basi.

Fundi mimi kuvuta nimevuta vizuri saa mbili nzima, raha tupu. Tumefika pa kuegesha nikarudisha gia nyuma kidogo tu kujiweka sawa, injini ya kulia ikakata. Kamba imejizungusha kwenye propela mara sijui kumi. Tulikaa hapo mpaka jioni. Mwenye hausiboti kachukua dipoziti yangu yote. Nilikosea wapi? (Aliyeumia)

Pole sana, na ahsante kwa kuandika, maana wengi wakifanya hivi wanakaa kimya.

Hukukosea kwenye kuvuta, ulikosea kwenye kusimama. Nimeshaona watu wengi wakivuta boti na karibu wote walioharibikiwa waliharibikiwa mita mia za mwisho. Fikiria kinachotokea: hausiboti inapunguza mwendo, boti ndogo haina breki na haina habari, inaendelea kuja. Kamba inalegea. Upepo unaisukuma hausiboti kwa ubavu kwa sababu ile ni kama ukuta wa nyumba uliosimama juu ya maji, wewe unaona unapotea unapiga rivasi, na rivasi inayavuta maji ya nyuma kuja kwenye propela, na kamba iko kwenye hayo maji. Imeisha.

Halafu kuna jambo la muundo. Kwenye gari unavuta trela unaliona kwenye kioo. Hausiboti usukani uko mbele, kati yako na nyuma kuna sebule, jiko, vyumba, choo. Huoni kitu! Kwa hiyo nahodha hawezi kuvuta peke yake hata awe bingwa. Lazima kuwe na mtu wa nyuma, mtu mmoja huyo huyo, siyo mara huyu mara yule, na muwe mmekubaliana ishara au mna redio za mkononi. Sheria yetu kwenye familia ni kwamba gia ya nyuma haiguswi mpaka mtu wa nyuma aseme neno "safi". Akisema "subiri" au akinyamaza, hakuna gia.

Namna ya kusimama ni hivi. Mbali kabisa na pa kuegesha, kwenye maji mapana, mnapunguza mwendo taratibu, yaani taratibu kweli, dakika nzima au zaidi. Mwendo unavyoshuka mtu wa nyuma anavuta kamba mkono kwa mkono anaikunja miguuni pembeni (siyo kuikanyaga katikati ya duara, tafadhali), kamba isipate nafasi ya kulala majini. Ikikaribia sana nahodha anaweka gia huru. Boti inaletwa ubavuni, inafungwa mbele na nyuma, na kamba moja ya tatu ya mshazari ili isiteleze kwenda mbele na nyuma, katikati ya boti na hausiboti unaweka maboya ya mpira zisisuguane. Sasa hapo hausiboti na boti ni kitu kimoja, piga rivasi unavyotaka.

Au njia ninayoipenda zaidi: mtu anayejua kuendesha, amevaa jaketi la kuokoa maisha, anashuka kwenye boti ndogo ikiwa imeshafungwa ubavuni na gia ya hausiboti iko huru, anawasha mashine, anafungua, anatangulia mbele kupima kina kwa kasia kabla hausiboti haijaja kugusa ufukwe. Boti ndogo inakuwa macho yako. Mara ngapi hausiboti imepanda jiwe ambalo boti ndogo ingeliona!

Kuhusu dipoziti, hapo ninge... ngoja nimalizie kwenye swali linalofuata.

Je ni lazima nimwambie mwenye hausiboti kwamba nitavuta boti? Si nimeshalipa?

Lazima, na majibu uyapate kwenye karatasi. Wapo wanaokataza kabisa, wapo wanaoruhusu boti moja ya urefu fulani, wapo wenye boti zao ndogo wanakupa na kamba yao na wanakufungia wenyewe. Mimi iliwahi kunitokea, kampuni siitaji, kijana wa gatini aliniambia vuta tu mzee hakuna shida, nikavuta, kurudi na chuma kimoja kimelegea nikaonyeshwa mstari kwenye mkataba niliousaini mwenyewe kwamba kuvuta chochote ni marufuku. Kijana siku hiyo hakuwepo zamu.

Uliza mambo haya: naruhusiwa, boti ngapi, kubwa kiasi gani, nifunge wapi, na propela ikinasa kamba nani analipa. Halafu piga simu na kwa bima ya boti yako ndogo, maana bima nyingine zinakulinda ukiwa unaiendesha, ikiwa inavutwa na chombo cha mtu mwingine ni habari nyingine. Bwana Aliyeumia, kama kwenye mkataba wako kuvuta kuliruhusiwa, andika barua ukiambatanisha huo ukurasa, siyo kwamba utashinda lazima ila dipoziti "yote" kwa kukata kamba kwenye propela moja, mh, waombe mchanganuo wa gharama.

Sisi ni marafiki wawili kila mmoja ana boti yake. Tunavuta zote mbili. Zifuatane kama behewa au ziwe sambamba?

Jibu langu la kwanza ni kwamba mmoja wenu aendeshe yake. Kweli kabisa. Kama mashine ni nzima na dereva yupo, boti ya pili ikijiendesha yenyewe nyuma au pembeni mnakuwa pia na chombo cha kumuokoa mtu akianguka, kitu ambacho hausiboti haiwezi kukifanya haraka. Nimewahi kubadilishana na shemeji zamu za saa moja moja, anayeendesha boti ndogo wala halalamiki, anatupa ndoano anakokwenda.

Mking'ang'ania, sambamba kwa kamba mbili za urefu tofauti, moja iwe ndefu kwa zaidi ya urefu wa boti nzima ili zikiyumba zisigongane ubavu. Kufuatana inawezekana ila boti ya kwanza inabeba mzigo wake na wa mwenzake, kwa hiyo kamba ya boti ya pili isifungwe kwenye chuma chochote cha nyuma ya boti ya kwanza, bali ipite ije iunganishwe na pete ile ile ya chini ya pua. Na kona zipige pana sana, kwa sababu kitu kinachovutwa kinakata kona kwa ndani, wewe umepita salama nje ya boya la njia, boti yako inapita upande wa pili wa boya, kamba inakuwa imelikumbatia boya katikati. Nimeliona hilo kwa macho. Boya lilishinda.

Watoto wanapenda sana kukaa kwenye boti ndogo ikiwa inavutwa, wanatupa ndoano kabisa, na ni karibu tu, mita tatu nyuma ya hausiboti tunawaona. Kuna ubaya? (Mama wa watatu)

Dada yangu, hili swali nimelisoma nikasimama. Watoe leo.

Kwanza mita tatu nyuma ni mita tatu kutoka kwenye propela. Kamba ikikatika, boti ikiyumba ikapinduka, mtoto akidondoka, nahodha yuko mbele haoni, na hausiboti haisimami papo hapo. Boti inayovutwa haina mtu, hata mkubwa, hata kwa dakika mbili. Labda dharura.

Ila kuna kubwa kuliko hilo na watu wengi hawalijui. Hausiboti ina injini na ina jenereta ya umeme, na nyingi moshi wake unatokea nyuma, chini chini karibu na maji. Kwenye moshi huo kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine, yenyewe huisikii. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, mama anadhani ni jua, halafu mtoto anasinzia na kuteleza majini kimya kimya. Ziwa Powell kule Marekani, Agosti 2000, ndugu wawili watoto wa miaka 8 na 11 walifariki walipoogelea kuingia kwenye uwazi ulio chini ya jukwaa la nyuma la hausiboti huku jenereta inafanya kazi. Wachunguzi wa afya na usalama kazini wa serikali ya Marekani wakaenda kupima wakakuta hewa hiyo pale nyuma inafika viwango vya kuua haraka, na vifo vingine vya miaka ya nyuma vikaanza kueleweka sababu yake. Baada ya hapo baadhi ya hausiboti zikaanza kutengenezwa na bomba la moshi linalopanda juu mpaka juu ya paa. Ukikodi angalia bomba la jenereta linatokea wapi. Likiwa nyuma chini, basi jenereta na injini zikiwa zinawaka hakuna anayeogelea nyuma, hakuna anayekaa kwenye jukwaa la nyuma, na boti ndogo haikai imefungwa kifupi hapo na watu ndani. Hata mtu wako wa kamba asikae nyuma muda mrefu, anaenda anaangalia anarudi mbele, na wakati wa kukusanya kamba jenereta inazimwa.

Upepo ukitukamata katikati ya ziwa na boti iko nyuma, nikate kamba niiache?

Usianze na kisu. Kwanza punguza mwendo, pili ongeza kamba, iwe ndefu hata mara mbili ya mwanzo, mishtuko inapungua. Mawimbi yakitoka nyuma yanaibeba boti ndogo inakuja kukugonga, hapo funga ndoo kwa kamba ya mita chache nyuma ya hiyo boti ndogo iburutwe majini, inafanya kazi ya breki na inainyoosha. Hili ulifanye mapema ukiona mawingu, siyo ukiwa tayari umeloa. Tafuta upande wa ziwa uliokingwa na kilima au miti ukajifiche. Ila boti ikishajaa maji ikaanza kuivuta hausiboti nyuma au kuipinda, hapo ndo kisu, na kabla ya kukata hakikisha hakuna mtu kwenye mstari wa kamba. Boti inanunuliwa.

Na mitumbwi ya plastiki na ile boti ya kujaza upepo, navyo navuta?

Pandisha juu ya hausiboti, funga. Vyepesi hivyo upepo ukiingia chini vinageuka kama chapati.

Mwisho: usiku boti ndogo zilale wapi? Tumezoea kuziacha kwenye kamba ile ile ya kuvutia, nyuma.

Hapana, msizoee. Usiku upepo unageuka, boti inakuja kugonga injini za hausiboti kutwa kucha, ko ko ko hamlali, na kamba ndefu inazunguka inapojua yenyewe. Kama mmeegesha ufukweni zivute mchangani upande uliokingwa na upepo, kila moja ifungwe na kamba yake kwenye mti au jiwe zito, maana maji ya ziwa la bwawa yanaweza kupanda usiku. Pasipo na ufukwe zifunge ubavuni, kamba tatu na maboya ya mpira, mbali na bomba la jenereta. Ile kamba ya kuvutia ivue kabisa, ikunje, itundike pale nyuma kwenye ndoano ambayo kila mtu anaiona, ili asubuhi anayeamka wa kwanza kuwasha injini, na huwa ni yule ambaye jana hakusikiliza maelekezo, aione imetundikwa kabla hajagusa gia.